Majibu ya Maji ni ya Anayekunywa

Ukienda zahanati na homa, muuguzi anakutoboa kidole, anachukua tone la damu, na baada ya muda mfupi anakuambia: ni malaria, au siyo malaria. Hakuna muuguzi anayechukua damu yako, majibu anayatuma Kampala na Geneva, halafu wewe anakuambia tu, "Nenda nyumbani, uko sawa." Akifanya hivyo mtamkatalia. Wamama watapiga kelele, wazee watakwenda ofisini, na watakuwa na haki.

Lakini kwa maji tunakubali. Gari inakuja, mtu anashuka, anajaza chupa ndogo kwenye bomba letu, anaiweka ndani ya sanduku la baridi, anaandika kitu kwenye karatasi, anaondoka. Majibu hatuyaoni. Mwaka unaisha hatujayaona. Mimi ninafanya kazi na vijana katika kambi moja hapa Uganda, na nimeandika ili niseme jambo moja tu: majibu ya kupima maji ni mali ya mtu anayekunywa hayo maji. Yabandikwe kwenye bomba. Na yasingoje ripoti ya mwaka, yabandikwe siku ile ile yanapotoka.

Kwanza tuelewane ni nini kinapimwa, juu wengi wetu tunafikiri kupima maji ni kuangalia kama yanang'aa. Maji yanaweza kung'aa kama kioo na yakamlaza mtoto wako kitandani.

Kipimo cha kwanza ni klorini, ile dawa inayotiwa ndani ya tangi. Unachukua maji kidogo, unatia kidonge kidogo, unatikisa. Kama klorini ipo, maji yanageuka pinki. Unalinganisha ile pinki na rangi zilizo kwenye kifaa na unasoma namba. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada yenyewe yanavitaja kila siku, vinasema bombani ibaki angalau miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa kila lita. Hiyo inayobaki ndiyo kazi yake kulinda maji njiani na nyumbani, baada ya ile nyingine kuisha kwa kuua wadudu ndani ya tangi. Kipimo chote ni dakika chache. Kijana aliyemaliza darasa la sita anaweza kufundishwa asubuhi na mchana akawa anapima.

Kipimo cha pili ni tope. Kuna bomba refu la plastiki lenye alama chini yake. Unamimina maji polepole ukichungulia kutoka juu, mpaka ile alama isionekane tena, halafu unasoma namba pembeni. Hiki kipimo si cha urembo wa maji. Tope linakula klorini na linawaficha wadudu. Maji yenye tope yanaweza kutiwa dawa ile ile kama jana na yasiwe salama kama jana.

Kipimo cha tatu ndicho cha maabara, kile cha E. coli, kijidudu kinachotoka katika kinyesi cha mtu au cha mnyama. Fundi anapitisha mililita 100 za maji kwenye karatasi ya chujio, karatasi anailaza juu ya chakula cha bakteria, anaiweka ndani ya sanduku la joto, kwa kawaida nyuzi 44. Kesho yake anahesabu vidoa. Shirika la Afya Duniani linasema katika hizo mililita 100 kisionekane hata kimoja. Na si kila chupa inafaa kubebea maji hayo. Chupa lazima iwe imesafishwa kwa joto, iwe na dawa ya kuzima klorini ili isiendelee kuua wadudu ikiwa barabarani, na ikae kwenye baridi. Inatakiwa ifike maabara haraka, ikiwezekana ndani ya masaa 6, na isipite masaa 24. Ikipigwa jua siku nzima ndani ya gari, majibu yake si majibu tena.

Sasa hesabu hapo mwenyewe. Maji yamechotwa leo, maabara inajibu kesho au kesho kutwa. Wewe umeshakunywa, umeshapika, mtoto ameshaoga. Kwa hiyo klorini ya kila siku ndiyo mlinzi wetu, na maabara inatuambia kama mlinzi alikuwa macho au alilala. Vyote viwili vinatakiwa. Na vyote viwili, mpaka leo, namba zake zinasomwa na watu wasiokunywa hayo maji.

Kuna na vitu vingine ambavyo jicho haliwezi kuona na moto hauwezi kuondoa. Waulize wenzetu wa Kakuma, kule Turkana nchini Kenya. Visima kadhaa vya kule vina floridi nyingi kupita miligramu 1.5 kwa lita, ambayo ndiyo mwisho uliowekwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto anayekulia kwenye maji ya namna hiyo meno yanaota na madoa ya kahawia, na ikizidi kwa miaka mingi inaingia mpaka kwenye mifupa. Mama anaweza kuchemsha maji kila asubuhi kwa kuni alizozitafuta kwa shida, na floridi iko pale pale. Tena maji yakipungua kwa mvuke, floridi inakolea zaidi. Huyo mama anafanya kila kitu alichofundishwa na bado anashindwa, kwa sababu kitu pekee ambacho kingemsaidia ni namba, na namba iko kwenye kompyuta ya mtu mwingine.

Labda msomaji atasema vijana wanapenda kukuza mambo. Basi tukumbuke.

Mwezi wa saba mwaka 1994 watu wengi sana walivuka kutoka Rwanda wakaingia Goma. Wazee wetu wa Kivu wanakumbuka. Ardhi ya kule ni mawe ya volkano, kuchimba choo hauwezi, kuchimba kisima hauwezi, watu wakachota maji ya ziwa. Kipindupindu kikaingia, na kuhara damu kukafuata. Katika mwezi ule wa kwanza walikufa watu karibu 50,000. Hao walikuwa wamekwisha kuikimbia vita.

Na tusiseme hayo ni ya zamani. Mwezi wa pili mwaka 2018 ndugu zetu wa Ituri walivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi, wakafika Uganda, wengi kwenye mwalo wa Sebagoro, wakapelekwa Kyangwali. Kipindupindu kikatangazwa wilaya ya Hoima. Wagonjwa walipita 2,000, waliokufa walipita 40, na maji machafu ya ziwa na vijito ndiyo yaliyotajwa. Mtu anaponea panga, anaponea ziwa, halafu anamalizwa na kikombe. Ndiyo maana sisi vijana hatukubali maji yafanywe siri ya ofisi.

Kikundi chetu kiliwahi kuuliza. Tuliandika barua yenye heshima, kwa mkono mzuri, tukaomba tuonyeshwe majibu ya miezi mitatu iliyopita ya mabomba matano. Hatukumlaumu mtu. Jibu tulilopewa, tena kwa mdomo, lilikuwa: "Hizo ni karatasi za ofisi. Maji iko muzuri, munywe tu." Tukarudi mara ya pili. Mara ya pili tukaambiwa sababu, na nataka nizichukue moja moja, kwa sababu najua hata kambi zingine mnaambiwa hizo hizo.

Sababu ya kwanza: watu wataogopa. Ati wakiona namba mbaya watakimbilia kwenye kinamasi na kunywa kibaya zaidi. Mimi naishi na hawa watu. Hofu ya kwetu haitoki kwenye namba, inatoka kwenye ukimya. Kwa sababu hakuna anayeeleza, kuna watu wanaamini ile harufu ya klorini ni dawa ya kuzuia uzazi. Kuna mama ninayemfahamu anapita bomba, anakwenda kuchota chini bondeni, anasema, "Ile maji inanuka dawa, sitapatia watoto wangu." Bango moja lenye tarehe, namba, na maneno mawili kwamba hiyo harufu ndiyo mlinzi, lingemrudisha huyu mama kwenye bomba. Mikutano kumi ya uhamasishaji haijamrudisha.

Sababu ya pili: hamtaelewa. Hii ndiyo inayoniuma. Katika kambi hii kuna walimu waliofundisha kemia Bukavu miaka mingi. Kuna wauguzi, kuna waliofanya kazi REGIDESO, kuna vijana waliosoma bayolojia na kemia sekondari na sasa wanauza vocha. Na hata asiyesoma, anaelewa. Bibi anayesoma kadi ya kliniki ya mjukuu, anayejua mstari wa kijani na mstari mwekundu, atashindwa vipi kujua kwamba E. coli inatakiwa iwe sifuri? Sifuri si hesabu ngumu.

Sababu ya tatu: shida si maji, shida ni mabidoni yenu. Hapa nitasimama kidogo, maana kuna ukweli ndani yake na ukweli huo unatumiwa vibaya. Ndiyo, maji yanaweza kutoka bombani yakiwa salama na yakaharibika kwenye bidoni chafu. Hilo tunalijua, na kila Jumamosi vijana wetu wanasugua mabidoni kwa mchanga na sabuni pamoja na watoto. Lakini angalieni kilichotokea kaunti ya Maban, Sudan Kusini. Mwaka 2012 na 2013 kambi za kule zilipigwa na homa ya ini aina ya E, ambayo inapita kwenye maji na inaua hasa wamama wenye mimba. Watafiti wakafuata maji kutoka bombani mpaka ndani ya nyumba. Wakaona klorini ya kipimo cha kawaida bombani ilikuwa inaisha kabla watu hawajamaliza kunywa maji waliyochota. Wakashauri kule bombani iongezwe mpaka miligramu 1 kwa lita. Maana yake nini? Maana yake bidoni haikuwa mkosaji peke yake. Dozi yenyewe ilikuwa haitoshi kwa joto lile na kwa muda watu wanaokaa na maji nyumbani. Na lisingejulikana kama wasingeingia nyumbani na kupima huko.

Kwa hiyo nawaambia wanaotupimia: msitupimie bombani halafu mkahukumu bidoni ambayo hamjawahi kuipima. Njooni na kifaa mpaka jikoni kwa mama, jioni, maji yakiwa yamekaa masaa kumi. Mkikuta hakuna pinki, tuongee wote wawili, sisi kuhusu sabuni na ninyi kuhusu dozi.

Sababu ya nne haikusemwa, lakini tunaiona. Pesa. Mwaka 2025 chakula kilipunguzwa, na wengi hapa Uganda wakatolewa kabisa kwenye orodha. Kila mtu alijua siku ile ile, kwa sababu tumbo linahesabu. Hata lita za maji tunazihesabu wenyewe: viwango vinasema angalau lita 15 kwa mtu kwa siku, na mama anajua kama amepata bidoni tatu au moja. Lakini klorini ikipunguzwa, nani atajua? Kama fundi aliyekuwa anapima kila siku sasa anapima mara moja kwa mwezi, nani atahesabu? Maji yatatoka vile vile, yatang'aa vile vile, foleni itakuwa ile ile. Sijasema wamepunguza. Nasema wakipunguza hatuna njia ya kuona, na mtu mwenye njaa ya bajeti huwa anakata kwanza pale ambapo hakuna anayemwangalia. Ndiyo sababu bango ni la haraka sasa kuliko miaka ya neema.

Halafu kuna siku za kupima. Waliotoka Uvira mnajua maisha ya bomba linalokauka. Watafiti walifuatilia Uvira kuanzia 2009 hadi 2014, wakalinganisha maji yaliyosukumwa na wagonjwa waliopokelewa wakidhaniwa kuwa na kipindupindu. Wakakuta kwamba baada ya siku isiyo na maji bombani, wagonjwa wanaongezeka zaidi ya mara mbili katika siku 12 zinazofuata. Bomba likikauka watu wanakwenda ziwani au mtoni. Na bomba lisilo na nguvu ya maji, kama lina tundu, linaweza kuvuta uchafu wa nje liuingize ndani, halafu maji yakirudi unaupata kwenye kikombe. Kwetu maji yanakatika pia, pampu inaharibika, mafuta yanaisha, jua halitoshi. Sasa niambieni: gari la kupima linakuja siku gani? Linakuja siku iliyopangwa kwenye kalenda. Maji yakirudi baada ya siku tatu za ukavu, siku hiyo ambayo ndiyo ya hatari, mara nyingi hakuna anayepima. Mpimaji anayeishi hapa hapa kambini angepima kabla foleni haijafunguliwa.

Kuna mtu atauliza, je, sheria inasemaje? Katiba ya Uganda, kifungu cha 41, na sheria ya mwaka 2005 ya kupata habari, zinampa kila raia haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa serikali. Raia. Sisi siyo raia. Lakini bomba letu halisomi kitambulisho. Majirani zetu Waganda wanachota pale pale, watoto wao na wetu wanabeba bidoni njia moja. Hapa Uganda miradi ya wakimbizi inatakiwa imguse na mwenyeji, na mifumo ya maji ya kambi nyingi inaanza kuhamishiwa kwenye mashirika ya maji ya serikali. Basi tuandike barua pamoja nao. Jirani akiweka sahihi yake ya raia chini ya barua, ile karatasi inakuwa na miguu ambayo ya kwetu peke yetu haina. Na kwa upande wetu tunalo la kusimamia pia: Umoja wa Mataifa ulitangaza tarehe 28 Julai 2010 kwamba maji safi ni haki ya binadamu, na tayari mwaka 2002 kamati yake ya haki za uchumi na jamii ilikuwa imeandika kwamba haki ya maji ina ndani yake haki ya kutafuta na kupata habari za hayo maji. Binadamu, siyo raia. Hapo tumo.

Tunachodai ni kidogo. Kila kituo cha maji kiwe na ubao. Juu yake paandikwe tarehe, klorini, tope, majibu ya E. coli ya mwisho na siku maji yalipochukuliwa, kwa Kiswahili na kwa lugha ya majirani. Vijana wawili kwa kila kijiji wafundishwe na wapewe kifaa cha vidonge, wapime kila asubuhi na kila mara maji yanaporudi baada ya kukatika. Maabara ibaki na kazi yake, sisi hatuna sanduku la joto na hatujidai kuwa nalo. Kila mwezi nyumba kadhaa zipimwe maji ya ndani ya bidoni. Na majibu yakiwa mabaya, kipaza sauti kipite siku ile ile: chemsheni, msinywe, bomba namba fulani limefungwa. Ubao ni mbao na chaki. Vidonge ni vya bei ndogo kuliko dripu.

Najua kuna wafanyakazi wazuri ndani ya ofisi hizo. Wengine wanapima kwa uangalifu, wanarudi usiku, wanagombana na wakubwa wao kwa ajili ya dawa ya kutia tangini. Nyie hasa ndio mngefaidika. Kazi yenu nzuri haionekani, na siku mtoto akiugua mnalaumiwa ninyi wa kwanza. Ubao ungewatetea.

Na sisi tusijifanye hatuna mikono. Wiki hii, ukikutana na mpimaji pale bombani, msalimie vizuri, mpishe kwenye foleni, halafu muulize mbele ya watu: "Kaka, ile ya mwezi uliopita ilisema nini?" Akisema hajui, muulize nani anajua. Akikutajia, nendeni kwa huyo, mkiwa watano, siyo peke yako. Muulize tena mwezi ujao. Ukiuliza mara moja watakuita msumbufu. Tukiuliza kila bomba, kila mwezi, na jirani Mganda akiwa amesimama pembeni yetu, itakuwa rahisi kwao kununua chaki.